Kwanini mtoto anasubiri siku haupo ndo aanze kutembea?

#1 MamaTunu
Habari zenu wakuu. Naandika nina furaha na uchungu kwa pamoja, mnivumilie nikichanganya mambo.

Binti yangu ana miezi 12 na wiki mbili. Toka mwezi uliopita anasimama dede, anashika ukingo wa kochi anazunguka nao, akifika mwisho anaiangalia ile nafasi kati ya kochi na meza halafu anakaa chini. Kila jioni nakaa upande wa pili namwita. Hataki, ananiinulia mikono nimbebe. Sasa ofisini kwetu tunafunga hesabu za mwaka, ndo msimu wenyewe, natoka nyumbani saa 12 asubuhi narudi saa 2 usiku Jumatatu mpaka Jumamosi, namkuta amebakiza lisaa limoja alale. Jumatano saa 5 asubuhi dada anayemlea akanipigia, nikajua tu ni homa. Kumbe anapiga kelele za furaha, "Mama Tunu katembea! Kaachia kochi kaja mpaka kwenye meza!" Nilikuwa nimesimama mbele ya bosi na makaratasi mkononi. Nikasema "sawa, asante", nikakata simu. Nikaenda chooni nikalia.

Nina maswali mawili. La kwanza, kwanini iwe siku sipo? Maana hata kukaa alianza hivi hivi nikiwa kazini, jino peke yake ndo niliwahi mimi. La pili, hii hatua naisherehekeaje wakati msimu wenyewe unaisha wiki tatu mbele? Nisubiri nifanye kitu cha maana au nifanye chochote sasa hivi?

#2 kipepeo77
Hongera mama! Mtoto mzima huyo. Nafuatilia uzi maana wangu ana miezi 10.

#3 BabaWawili
Hongera sana. Jibu la swali la kwanza ninalo. Mtoto hatembei kwa sababu ameitwa, anatembea kwa sababu kuna kitu anakitaka. Wangu wa pili alikuwa anagoma kila tukimwita, siku kaka yake kapita na mpira sebuleni akaachia kiti akamfuata, hata mwenyewe hakujua kama katembea. Alipogundua akashtuka akakaa. Muulize dada mezani kulikuwa na nini. Mimi nasema rimoti.

#4 Shangazi Mkubwa
Mwanangu hongera, na pole kwa kulia chooni, sote tumepita huko. Lakini nikwambie ukweli, ukiwepo wewe mtoto hana haja ya kutembea. Yeye kakungoja siku nzima, ukiingia anachotaka ni kifua chako, aende mezani kufanya nini? Mama anapoondoka ndo mtoto anaanza kuangalia dunia. Hajakukosea na wewe hujamkosea.

#5 MtuWaData
Mi naona hapa hamna siri yoyote, tupige hesabu tu maana mleta uzi ni mtu wa hesabu atanielewa. Mtoto wa umri huo analala kama saa 12 kwa siku ukijumlisha na usingizi wa mchana, anabaki macho saa 12. Kwa wiki ni saa 84 macho. Wewe una lisaa limoja kwa siku 6 halafu Jumapili nzima saa 12, jumla 18. 18 kwa 84 ni kama asilimia 21. Maana yake jambo lolote jipya, liwe jino au hatua, mara nne kati ya tano litatokea haupo. Si mtoto kasubiri, ni ratiba yako tu. Msimu ukiisha ukawa unarudi mapema hesabu zitabadilika.

#6 simba_mwenda_kasi
Hongera kwa kuwahi kabla mambo hayajaharibika maana miezi 12 ndo mwisho, mtoto akivuka mwaka hajatembea ujue kuna shida mahali. Wangu alitembea miezi 9, tulimwekea woka, kile kigari cha magurudumu cha mtoto, toka ana miezi 6 akazoea mapema. Wekeni woka wazazi acheni kulea lea.

#7 Nesi Mstaafu
Naomba nimrekebishe mkuu wa #6 kabla hajampandisha mtu presha.

Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wazima wa afya 816, matokeo yakatoka 2006, kutoka Ghana, India, Norwei, Oman, Marekani na Brazil. Kutembea mwenyewe kulianzia miezi 8.2 mpaka 17.6. Kusimama bila kushika kitu miezi 6.9 mpaka 16.9. Kwa hiyo wa miezi 9 ni sawa, wa 12 ni sawa, na wa 16 ni sawa vilevile. Wapo asilimia 4.3 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti, wengine walivuka moja kwa moja. Mtoto akifika miezi 18 hajatembea mpelekeni kliniki aangaliwe. Na kama alikuwa anafanya jambo akaliacha kabisa, huyo msisubiri umri wowote.

Woka ndo kabisa. Haimharakishi mtoto, inamfikisha kwenye ngazi na kwenye jiko kabla hujageuza shingo. Kanada walipiga marufuku kuiuza toka 2004. Nimepokea watoto wa woka wengi mno kazini, sitaki hata kuwakumbuka.

#8 MtuWaData
Nesi heshima yako, marekebisho madogo. Brazil ilikuwepo kwenye upande wa uzito na urefu, ila kwenye hizi hatua za kukaa na kutembea haikushiriki. Ni nchi 5.

#9 Nesi Mstaafu
Kweli kabisa mwanangu, ni 5. Ahsante.

#10 simba_mwenda_kasi
Sawa Nesi nimekusikia. Ila wangu na woka yake yuko salama na ana nguvu.

#11 MamaTunu
Asanteni jamani. @BabaWawili nimempigia dada, mezani kulikuwa na chaja ya simu yake, ile waya imening'inia. Haya, si rimoti ila umekaribia.

@MtuWaData ile asilimia 21 imenikaa. Nimeisoma kwenye basi nikairudia tena ofisini. Nilikuwa nahisi kama nimeonewa kumbe ni ratiba. Lakini bado haijaniondolea uchungu, maana ratiba yenyewe nani kaipanga.

@Shangazi Mkubwa hapo kwenye kifua umenigusa.

#12 Mwl_Chaki
Na mimi nina maelezo yangu na hayafanani na ya waliotangulia. Nadhani ukiwa na mtoto muda wote hiyo "mara ya kwanza" huioni hata ikipita mbele yako. Mimi nilikuwa likizo na wangu wa kwanza, nilikuwa naye kutwa, na mpaka leo sijui alianza kutembea siku gani. Leo kaachia kochi nusu hatua akadondoka, kesho moja, keshokutwa hamna, wiki inayofuata mbili. Ipi ya kwanza? Wa pili alitembea nikiwa nasahihisha mitihani na huyo nakumbuka tarehe, siku, na mtihani niliokuwa nasahihisha, kwa sababu niliambiwa. Anayeambiwa anapata tarehe. Aliyekuwepo anapata mchakato mrefu usio na tarehe.

Kuna utafiti wa 2012 wa Karen Adolph na wenzake kule New York, waliwarekodi watoto wa miezi 12 mpaka 19 wakiwa wanacheza tu, wastani wakapata hatua 2,368 kwa saa moja na kuanguka mara 17. Kwa saa MOJA. Sasa Mama Tunu hapo umekosa chache tu, mwezi ujao utakuwa unaomba akae chini.

#13 kipepeo77
Mara 17 kwa saa?? Ndo maana paji la uso la mtoto wa dada yangu lina nundu kila nikienda.

#14 mlezi_wa_mchana
Nimesoma wote, mimi nazungumza kutoka upande wa pili wa simu. Nalea watoto wa watu, miaka 11 sasa. Hatua za kwanza za watoto wanne nimeziona mimi, mama zao wakiwa kazini.

Wawili niliwaambia wazazi. Wawili sikusema. Wa kwanza kabisa nilimwambia mama yake mlangoni anaingia, yan hata mkoba hajaweka, nikijua nampa zawadi. Uso ulishuka. Akasema "ooh, vizuri", akaenda chumbani, na wiki nzima akawa ananijibu mkato. Nikajifunza. Aliyefuata alipopiga hatua nilimkumbatia nikamwambia hii ni siri yetu, na jioni nikamsimamisha karibu na mlango saa ya mama yake kurudi. Siku ya tatu akatembea mbele yake. Yule mama alipiga magoti palepale na viatu miguuni, akanivuta na mimi tukakumbatiana wote watatu. Mpaka leo ananitumia picha, mtoto yuko darasa la nne. Hajui.

Sijui kama nilifanya sawa. Nalala vizuri lakini sijui.

#15 BabaWawili
Ulifanya sawa kabisa. Ile furaha ya yule mama ilikuwa ya kweli.

#16 Shangazi Mkubwa
Mimi siafiki. Huyo mtoto ni wa mama yake, jambo lake ni la mama yake. Leo unaficha hatua kesho unaficha kadondoka kagonga kichwa, kwa nia hiyo hiyo njema. Mlezi na mzazi wakianza kufichana hata mazuri, kuna siku patafichwa baya. Sikulaumu binti yangu, naona moyo wako, ila mimi ningetaka kuambiwa nikalia nikamaliza.

#17 mlezi_wa_mchana
Shangazi nakuelewa. Kudondoka sijawahi kuficha, hata mkwaruzo nasema. Lakini hatua haimuumizi mtoto ikifichwa, inamuumiza mama ikisemwa vibaya. Labda kosa langu kwa yule wa kwanza lilikuwa namna ya kusema. Ningesema "leo kaachia kochi kidogo, jioni mwangalie" pengine ingetosha na nisingekuwa nimedanganya.

#18 Mwl_Chaki
Hiyo sentensi ya mwisho ya #17 ningeibandika kila nyumba yenye mlezi.

#19 MamaTunu
Wakuu mmeniamsha. Baada ya kusoma #14 jana usiku nilimuuliza dada, nikamwambia niambie ukweli sitakasirika, kuna kingine umewahi kunificha? Akanyamaza. Akachezea ncha ya kanga. Akasema "lile jino mama."

Mnakumbuka nilisema jino niliwahi mimi. Ilikuwa Jumapili namlisha, kijiko kikagonga, ti! Nikatoa nikarudisha, ti! tena. Nikapiga kelele nyumba nzima, nikamwita dada aje asikie, akaja akainama akasikiliza kama hajawahi kusikia akasema "kweli mama!" Kumbe alishaliona toka Ijumaa kwa kidole, na Jumamosi aliogopa nisiwahi kwa vile nilichelewa kurudi, akawa anaomba liwe bado dogo.

Sikujua nicheke au nilie. Nikamuuliza sasa hatua kwanini ulinipigia? Akasema hakuweza kujizuia, mikono ilikuwa inatetemeka.

#20 dereva wa usiku
Huyo dada usimwache aondoke kwako.

Mimi ni dereva wa masafa, msimu wa sikukuu natoka nyumbani naweza kumaliza siku 20. Nitachangia kwenye swali la pili maana watu wamelisahau. Mwanangu alianza kutamka nikiwa barabarani. Mama yake aliweka simu pale anapochezea akairekodi sauti tu, hakuna video, dakika nne hivi, akanitumia. Nilisimamisha gari kwenye maegesho saa 9 usiku nikaisikiliza nikiwa nimezima injini. Unasikia kijiko kinadondoka, unasikia mama yake anapita na ndala, mara katikati ya kelele zote "baba". Halafu kimya. Halafu "baba baba baba". Niliisikiliza mpaka kukaanza kupambazuka. Hiyo ndo sherehe yangu, sikuhitaji nyingine. Sauti kwangu imezidi picha kwa sababu naona mwenyewe sebule yangu, kila kitu kilipo.

#21 Tulizana
Dereva hongera ila sikuharibii, "baba" yule hakuwa anakuita wewe. Watoto wanabwabwaja ba ba ba wote kuanzia miezi kama 6 au 7, ni midomo tu inafunguka na kufunga.

#22 dereva wa usiku
Aliniita mimi.

#23 Nesi Mstaafu
Wote mko sawa wanangu. Sauti za midomo, m na b, ni rahisi, mtoto anaziona hata kwa macho ukimsemesha. D anaigonga kwa ulimi mbele, nayo rahisi. Ndo maana mama, baba na dada huja mapema. Kaka anachelewa kwa sababu k inatoka nyuma kooni, utasikia "tata" miezi mingi na kaka mtu ananuna. Kuanza ni kubwabwaja kweli, lakini akisema "ba ba" halafu wewe ukaruka kwa furaha, akisema tena ukaruka tena, anaanza kuunganisha. Kwa hiyo hata kama siku ile hakumwita dereva, kuitikiwa ndo kulimfundisha.

#24 kipepeo77
Jamani sasa nimeelewa kwanini wa wifi yangu alianza na "dada" na wifi akataka kubadilisha mlezi! Namtumia hii posti sasa hivi.

#25 Tulizana
Nitasema kitu mtanichukia. Haya yote mtoto hayakumbuki. Watu wengi kumbukumbu yao ya mbali kabisa ni ya miaka 3 hivi, nyuma ya hapo giza. Ukiwepo au usiwepo, ukifanya sherehe au usifanye, kwake ni sawa. Mama Tunu fanya kazi, funga hesabu, mtoto anakula anavaa. Usijitese.

#26 Fundi_Cherehani
Tulizana siyo kwa ajili ya mtoto tu ndugu yangu. Mama naye ni mtu.

Mi nashona. Msimu wa sikukuu kila mtu anataka nguo yake kabla ya siku, nakaa kwenye cherehani mpaka saa 8 usiku, na watoto wangu watatu wote waliamua kukua kwenye misimu hiyo hiyo. Wa kwanza nilikuwa nasema nikimaliza kazi nitafanya sherehe. Kazi ikiisha nimechoka, nasema mwezi ujao. Mwezi ujao ana jambo lingine. Sikufanya hata moja na yote yaliyeyuka, hata tarehe sina.

Wa pili nikaanza hivi. Siku anafanya jambo jipya, nakata kipande cha kitambaa nilichokuwa nashona siku hiyo, kama ukubwa wa kiganja, naandika kwa kalamu ya kitambaa tarehe na neno moja, "kakaa", "jino", "kasimama". Naweka kwenye kopo. Dakika moja tu hata mguu hautoki kwenye pedali. Kipo cha bluu chenye maua, kile nilikuwa nashona sare za wasimamizi wa harusi, binti akajisimamisha kwa kushika mguu wa cherehani, nikazima taa ya mashine nikatulia nisimshtue. Kipande kina doa la mafuta kwa sababu nilikuwa nimetoka kupaka mashine. Mwaka jana alipotimiza miaka 7 nikaviunga vyote vikawa foronya. Anailalia. Kila usiku anauliza kimoja, "mama hiki nilifanya nini?"

#27 Mwl_Chaki
Fundi umenitoa machozi darasani wanafunzi wananiangalia.

@Tulizana hapo ndo jibu lako. Ni kweli mtoto hakumbuki tukio lenyewe. Lakini watafiti wa kumbukumbu za watoto wameona wazazi wanaomsimulia mtoto mambo yaliyopita kwa undani, kwa kuulizana na kujibizana, watoto wao huja kuwa na kumbukumbu zenye undani zaidi za maisha yao. Yule binti wa fundi hakumbuki alivyosimama, anakumbuka foronya na anakumbuka mama akimsimulia.

#28 Tulizana
Foronya sina la kusema. Nakubali hapo.

#29 MtuWaData
Kidogo nje ya mada, kuhusu kurekodi. Kuna jaribio la Linda Henkel lilichapishwa 2014, watu walitembezwa makumbusho, vitu walivyovipiga picha nzima walivikumbuka vibaya kuliko walivyoviangalia tu kwa macho. Ila wakivuta picha karibu kwenye sehemu moja, kumbukumbu haikupungua. Kwa hiyo Mama Tunu siku ukibahatika usikimbilie simu, angalia kwanza.

#30 dereva wa usiku
Asingerekodi mke wangu mimi ningeangalia nini?

#31 MtuWaData
Hoja nzuri. Anayekuwepo aangalie, na asiyekuwepo arekodiwe. Sasa mtu mmoja anafanyaje yote mawili sijui.

#32 mama_wa_njiti
Ombi moja kwa wanaorekodi. Mkiweka mtandaoni msiweke sura, jina kamili na tarehe ya kuzaliwa pamoja. Watumieni ndugu moja kwa moja inatosha.

Nami nichangie. Wangu alizaliwa wiki ya 31. Kliniki walitufundisha kutoa zile wiki 9 alizowahi kabla ya wiki 40 kwenye umri wake mpaka afike miaka 2, yan akiwa na miezi 12 ya kalenda tunamhesabu kama ana 10. Kila mtu nyumbani alikuwa anauliza "bado tu?", mtoto wa jirani wa umri wake ashatembea, sherehe za wenzake tunahudhuria. Mwisho nikaacha kungoja hatua kubwa. Nikaanza kusherehekea vitu ambavyo hakuna kadi inavyoviandika. Siku alipolia kwa sauti kubwa mpaka jirani akasikia, nilipiga vigelegele, maana alipozaliwa kilio chake kilikuwa kama cha paka mdogo. Alitembea miezi 16. Kwa hesabu ya kliniki alikuwa amewahi vizuri tu.

#33 simba_mwenda_kasi
Dada wa #32 nisamehe kwa maneno yangu ya #6. Sikufikiria. Na woka nimeiacha toka juzi, sikutaka kusema mbele ya Nesi.

#34 Nesi Mstaafu
Nimeona mwanangu. Mungu akubariki.

#35 Nesi Mstaafu
Mama Tunu, nilitaka kuuliza toka mwanzo nikasahau. Dada alisema alipiga hatua ngapi?

#36 MamaTunu
Tatu. Kochi mpaka meza ni tatu za kwake.

#37 Nesi Mstaafu
Sasa sikiliza. Kwenye ule utafiti wa 2006 walikuwa na kipimo, mtoto anahesabiwa katembea mwenyewe akipiga angalau hatua 5 mfululizo, mgongo umenyooka, hajagusa mtu wala kitu. Tatu ni mwanzo mzuri sana ila kwenye daftari lao bado hapati alama. Sikwambii kwa kukufariji, ndivyo ilivyoandikwa.

#38 MamaTunu
Nesi unasema hajatembea bado????

#39 BabaWawili
Jamani hatua ni hatua. Kaachia kochi kafika mezani, huko si kutembea ni nini? Dada asinyang'anywe alichokiona.

#40 Shangazi Mkubwa
Baba Wawili yuko sahihi. Tatu ni za dada, aliziona yeye, zibaki zake.

#41 Mwl_Chaki
Na tano zipo wazi bado, hazijachukuliwa na mtu. Jumapili hiyo inakuja.

#42 kipepeo77
Nimekaa hapa sitoki mpaka Jumapili.

#43 Fundi_Cherehani
Mama Tunu andaa kitambaa. Chochote, hata ukipunguza pindo la sketi ya ofisini.

#44 MamaTunu
Nimerudi wakuu, Jumapili saa 11 jioni.

Asubuhi sikumwita. Nilifuata ya #3 nikaweka ile chaja kwenye kiti mbali kidogo na meza, nikakaa chini pembeni, simu nikaiacha chumbani. Alizunguka kochi, akaichungulia, akaniangalia. Nikajifanya nakunja nguo. Akaachia. Mikono yote juu usawa wa masikio, tumbo mbele, vidole vya miguu vimekunjwa vinashika sakafu. Moja. Mbili. Akayumba nikashika shati nililokuwa nakunja kwa nguvu nisiruke. Tatu. Nne.

Akakaa chini. Pu. Akaniangalia akacheka, jino lile moja na lingine jipya pembeni yake ambalo naapa sikulijua mpaka leo.

Nimempigia dada, yuko kwao leo ni siku yake. Nikamwambia "nne!" Akapiga ukelele mpaka mama yake akauliza nani kafariki. Nikamwambia na jino la pili unalijua? Akasema la pili halijui. Nikamwambia apa. Akaapa.

#45 Nesi Mstaafu
Nne mwanangu! Imebaki moja.

#46 simba_mwenda_kasi
Daftari lao wampe tano tu jamani, hiyo ya kukaa pu ihesabiwe.

#47 Fundi_Cherehani
Umekata?

#48 MamaTunu
Nimekata. Ukosi wa shati lile lile, la baba yake, hajajua bado. Nimeandika tarehe na "nne". Na cha pili kidogo nimemwekea dada, chake kimeandikwa "tatu", nampa kesho alfajiri kabla sijatoka.